Mirija ya Mate: Seli Ndogo Zinazolinda Kinywa

Kila mhudumu wa kliniki ya kinywa anamfahamu mgonjwa huyu. Anaingia na chupa ya maji mkononi, na kabla hajaketi ameshapiga funda mbili. Anaeleza kwamba ugali haushuki mpaka ausukume kwa mchuzi, kwamba usiku ulimi hugandamana na kaakaa, na kwamba chakula siku hizi kina ladha asiyoielewa. Ukimtazama meno, utaona yameanza kuoza shingoni, pale karibu na ufizi, mahali ambapo kwa kawaida mate hulilinda jino. Miezi michache iliyopita alimaliza tiba ya mionzi kwa ajili ya saratani ya koo. Saratani imedhibitiwa, naye anashukuru. Lakini swali alilokuja nalo ni moja: "Daktari, mate yangu yamekwenda wapi, na yatarudi lini?"

Ili kumjibu kwa ukweli, inatupasa kuingia ndani ya tezi ya mate na kuangalia sehemu ambayo aghalabu husahaulika. Wengi wetu tulifundishwa kwamba tezi hutengeneza mate na mrija huyapeleka kinywani, kama bomba lipelekavyo maji kutoka kisimani. Maelezo hayo yanafaa kwa kuanzia, ila yameacha nusu ya habari. Seli zinazounda kuta za mirija hufanya kazi usiku na mchana: huondoa chumvi katika umajimaji unaopita, huongeza kinachopunguza ukali wa tindikali, hupitisha kingamwili, na miongoni mwake zimo seli zinazoweza kuifanyia tezi ukarabati. Waswahili husema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mate tunayoyameza bila kuyafikiria yameundwa kwa hatua mbili, na hatua ya pili ni kazi ya mirija.

Ramani ya tezi

Binadamu ana jozi tatu za tezi kubwa za mate. Ya kwanza ni parotidi, iliyo mbele na chini ya sikio. Ndiyo inayovimba mtu anapougua matubwitubwi. Ya pili ni tezi ya chini ya taya, na ya tatu ni tezi ya chini ya ulimi. Zaidi ya hizo, zimo mamia ya tezi ndogo ndogo zilizotawanyika midomoni, mashavuni na kwenye kaakaa. Kwa pamoja, tezi hizi humpatia mtu mzima kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku. Takriban asilimia 99 ya mate hayo ni maji. Iliyobaki ni chumvichumvi, protini na ute.

Mirija mikubwa ya tezi hizi ilielezwa karne nyingi zilizopita. Mwaka 1656 Thomas Wharton wa Uingereza aliandika juu ya mrija wa tezi ya chini ya taya, na mwaka 1660 Niels Stensen, kijana wa Denmark aliyekuwa akisoma Amsterdam, aliuona mrija wa parotidi alipokuwa akipasua kichwa cha kondoo. Hata leo mirija hiyo huitwa kwa majina yao. Msomaji anaweza kuutafuta mdomo wa mrija wa Stensen kwa ncha ya ulimi wake: ni kinundu kidogo ndani ya shavu, mkabala na gego la pili la juu. Mrija wa Wharton hufunguka chini ya ulimi, kando ya uzi wa ngozi unaouunganisha ulimi na sakafu ya kinywa.

Tukiifuata njia ya mrija kurudi nyuma, tunaona unagawanyika kama mti: shina, matawi, vitawi, hadi kufikia vifuko vidogo vilivyokusanyika mfano wa kichala cha zabibu. Mate huanza safari katika vifuko hivyo. Kutoka hapo hupita kwanza katika mirija myembamba ya kuunga, kisha katika mirija yenye milia, na mwishowe katika mirija ya kutolea inayofika kinywani. Kila sehemu ina seli zake zenye umbo lake, na umbo hilo huonyesha kazi yake.

Hatua ya kwanza: vifuko

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mate ni maji ya damu yaliyochujwa tu. Katikati ya karne ya 19 Carl Ludwig, mwanafiziolojia wa Ujerumani, alionyesha kwamba msukumo wa mate ndani ya mrija unaweza kuupita msukumo wa damu katika ateri inayoilisha tezi. Kama mate yangekuwa yanachujwa tu, jambo hilo lisingewezekana. Hivyo ilidhihirika kwamba seli zenyewe hutumia nguvu kuyatoa.

Seli za vifuko zina umbo la piramidi, ncha zake zikielekea katikati ya kifuko. Mishipa ya fahamu inapozipa amri, husukuma ioni za kloridi kuelekea ndani ya kifuko. Sodiamu hufuata kwa kupenya kati ya seli na seli, na maji huifuata chumvi. Maji hayo hupita zaidi katika vinjia vya protini viitwavyo akwaporini, ambavyo ugunduzi wake ulimpatia Peter Agre wa Marekani Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2003. Umajimaji unaopatikana katika hatua hii unakaribiana na plazma ya damu kwa kiwango cha chumvi: sodiamu yake ni kama milimoli 140 kwa lita.

Lakini mate yanayotoka kinywani mtu akiwa ametulia huwa na sodiamu ndogo mno, mara nyingi chini ya milimoli 10 kwa lita. Chumvi yote ile imekwenda wapi? Mwaka 1954 Thaysen, Thorn na Schwartz walichapisha vipimo vya mate ya parotidi ya binadamu vilivyoweka msingi wa jibu tunalolitumia hadi leo: vifuko hutoa umajimaji wenye chumvi, kisha mirija huichukua chumvi hiyo na kuirudisha mwilini.

Mirija ya kuunga: mlango wa kwanza

Mara tu umajimaji unapotoka kwenye kifuko, huingia katika mrija mwembamba sana, ambao ukuta wake ni safu moja ya seli fupi. Kwa hadubini, seli hizi huonekana za kawaida: kiini cha mviringo katikati na vifaa vichache vya ndani. Hata hivyo, baadhi yake huongeza katika mate protini zinazopambana na bakteria, zikiwemo lisozimu na laktoferini. Katika parotidi mirija hii ni mirefu, ilhali katika tezi ya chini ya taya ni mifupi.

Vifuko na mirija ya kuunga vimekumbatiwa kwa nje na seli zenye mikono mingi mirefu, zinazofanana na vidole vilivyoshika chungwa. Wataalamu huziita seli za kikapu. Ingawa zimetokana na tabaka moja na seli za tezi, zina protini za kujikunja kama msuli. Zikikaza, huvisaidia vifuko kuyasukuma mate mbele na kuvitegemeza visitanuke kupita kiasi. Anayeonja ukwaju au kipande cha limau na kuhisi mate yakimchuruzika ghafla, sehemu ya msukumo huo ni kazi yao.

Mirija yenye milia: karakana ya tezi

Sasa tunafika kwenye sehemu iliyo kiini cha makala haya. Mirija yenye milia imepata jina kutokana na jinsi inavyoonekana kwa hadubini: nusu ya chini ya kila seli ina mistari iliyosimama wima, sambamba, kama milia. Kwa miaka mingi mistari hiyo ilionekana bila kueleweka vizuri, mpaka hadubini ya elektroni ilipoonyesha kilichomo. Utando wa chini wa seli, ule unaoelekea kwenye mishipa ya damu, umejikunja mara nyingi kuingia ndani, na katikati ya mikunjo hiyo zimepangwa mitokondria ndefu, moja kando ya nyingine. Mitokondria ndiyo majiko ya seli. Humo ndimo nguvu inamozalishwa. Seli ikijaza majiko mengi hivyo sehemu moja, basi pana kazi nzito inayofanyika hapo.

Kazi yenyewe ni kusukuma chumvi. Mikunjo imeongeza eneo la utando, na utando huo umejaa pampu zinazotoa ioni tatu za sodiamu nje ya seli kuelekea upande wa damu, na kuingiza mbili za potasiamu, kila mzunguko ukigharimu nguvu. Pampu hiyo iligunduliwa na Jens Skou wa Denmark, aliyechapisha kazi yake mwaka 1957 na kutunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1997. Kwa kuwa pampu huifanya seli iwe na upungufu wa sodiamu ndani yake, sodiamu iliyomo kwenye mate huingia kwa upande wa juu kupitia milango maalumu, kisha hutolewa upande wa chini na kurudi kwenye damu. Kloridi nayo huondolewa. Badala yake, seli huingiza katika mate potasiamu na bikaboneti. Ndiyo maana mate ya mtu aliyetulia huwa na potasiamu takriban milimoli 20 kwa lita, ilhali plazma ya damu ina kama milimoli 4 tu.

Yupo atakayeuliza: ikiwa maji hufuata chumvi, kwa nini hayarudi pamoja na sodiamu? Jibu limo katika ujenzi wa ukuta. Seli za mirija hii zimeshonana kwa mishono iliyobana, na utando wake wa juu hauna njia za kutosha za kupitisha maji. Chumvi hurudi, maji hubaki. Matokeo yake ni mate mepesi, yenye chumvi kidogo kuliko damu.

Kasi ya mate ina athari kubwa katika kazi hii. Mfikirie mtu anayechagua mchele kwenye ungo. Mchele ukimiminwa kidogo kidogo, ataondoa kila kijiwe. Ukimiminwa kwa pupa, vijiwe vingi vitampita. Vivyo hivyo, mate yakipita polepole, seli zenye milia huondoa karibu sodiamu yote; yakipita kwa kasi wakati wa kula, sodiamu nyingi huzipita. Bikaboneti, kwa upande wake, huongezeka mate yanapochochewa, maana kichocheo kile kile kinachoongeza mate huongeza pia utoaji wake.

Homoni iitwayo aldosteroni, inayoziamuru figo kuhifadhi sodiamu, huziamuru pia seli hizi. Kwa kweli, anayezijua seli za baadhi ya mirija ya figo atazitambua seli zenye milia kama jamaa zake: mikunjo ile ile, mitokondria zile zile, pampu ile ile.

Faida yake kwetu

Mtu anaweza kufikiri kwamba kazi hii ni ya kubana matumizi ya chumvi. Lakini mate mengi tunayameza, na utumbo ungeirudisha chumvi hiyo hata hivyo. Faida kubwa iko kinywani penyewe.

Ya kwanza ni ladha. Umajimaji wenye milimoli 140 za sodiamu kwa lita ni sawa na maji yaliyotiwa gramu 8 hivi za chumvi ya mezani, yaani zaidi ya kijiko kimoja cha chai katika lita moja. Ulimi unaooga humo muda wote usingeweza kutambua chumvi ndogo iliyomo kwenye mchicha au maharage. Kwa kuyafanya mate yawe mepesi, mirija huuachia ulimi nafasi ya kuonja.

Ya pili ni ulinzi wa meno. Tunapokula sukari au wanga, bakteria wa kwenye meno hutengeneza tindikali. Pale kipimo cha pH kinaposhuka chini ya takriban 5.5, madini ya jino huanza kuyeyuka. Bikaboneti iliyoongezwa na mirija huipunguza nguvu tindikali hiyo, na kalisi na fosfati zilizomo kwenye mate husaidia kurejesha madini yaliyopotea. Kwa kuwa usingizini mate hukaribia kukoma, ulinzi huo hupungua sana usiku. Hapo ndipo penye maana ya ushauri wa kupiga mswaki kabla ya kulala na kutokula kitu baada yake.

Ya tatu ni kinga. Kandokando ya vifuko na mirija zimo seli za mfumo wa kinga zinazotengeneza kingamwili aina ya IgA. Seli za vifuko na za mirija huipokea IgA upande wa chini, huivusha ndani ya mwili wake na kuiachia upande wa mate. Hivyo askari wanaolinda mlango wa kinywa huingia kazini kwa kupitia humo humo.

Mirija ya kutolea na mawe yake

Baada ya mirija yenye milia, mate huingia katika mirija mikubwa zaidi. Ukuta wake hubadilika taratibu: kutoka seli ndefu zilizopangika kwa namna inayoonekana kama tabaka kadhaa, zikichanganyika na seli za kutoa ute, hadi tabaka nyingi za seli bapa karibu na kinywa, zinazofanana na zile za ndani ya shavu. Ukuta huo umejengwa kustahimili msuguano wa kinywani.

Humu ndimo mawe ya mate yanamokaa mara nyingi. Takriban mawe manane kati ya kumi hupatikana katika tezi ya chini ya taya au mrija wake, kwa kuwa mate yake yana ute na kalisi zaidi, na mrija wake ni mrefu na hupanda juu kabla ya kufunguka. Dalili yake hutambulika kwa urahisi: uvimbe wenye maumivu chini ya taya unaokuja wakati wa kula, kisha ukapungua baada ya saa moja au mbili. Mhudumu anayesikia maelezo hayo apapase sakafu ya kinywa kwa vidole viwili, kimoja ndani na kingine nje. Penye homa, usaha kwenye mdomo wa mrija, au uvimbe usiopungua, mgonjwa apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Mirija inapoumizwa

Sababu ya kawaida kuliko zote ya ukavu wa kinywa ni dawa. Baadhi ya dawa za sonona kama amitriptilini, dawa za mzio zinazoleta usingizi, dawa za kutuliza kibofu, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu hupunguza mate. Nyingi kati yake huzuia amri ya mishipa ya fahamu isizifikie seli. Tezi yenyewe imebaki nzima: mfanyakazi yuko hai, ila hajaitwa kazini. Dawa ikibadilishwa au kipimo chake kikipunguzwa na daktari, mate huweza kurudi. Mgonjwa asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe, amweleze aliyemwandikia.

Katika ugonjwa wa Sjögren, ulioitwa kwa jina la daktari wa macho wa Sweden, Henrik Sjögren, aliyeueleza katika tasnifu yake ya mwaka 1933, mfumo wa kinga huzishambulia tezi za mate na za machozi. Mashambulizi huonekana wazi kando ya mirija. Mtaalamu wa patholojia anapochunguza kipande kidogo cha tezi za mdomo wa chini, hutafuta makundi ya seli nyeupe 50 au zaidi yaliyouzunguka mrija au mshipa. Mwanamke wa makamo mwenye macho makavu, kinywa kikavu na uchovu usioeleweka anastahili kuchunguzwa.

Virusi vya Ukimwi navyo vinaweza kusababisha parotidi zivimbe pande zote mbili bila maumivu makali, hasa kwa watoto. Seli nyeupe hujaa ndani ya tezi, na mirija inaweza kutanuka na kufanya vifuko vya maji. Mtoto mwenye uvimbe wa namna hii uliodumu wiki nyingi apimwe VVU. Akianza dawa za kufubaza virusi, mara nyingi uvimbe hupungua.

Wagonjwa wa saratani ya tezi ya thairoidi wanaopewa madini joto yenye mionzi hukutana na tatizo la aina yake. Seli za mirija yenye milia zina protini ile ile inayovuta madini joto kwenye thairoidi. Hivyo mionzi iliyokusudiwa thairoidi hukusanyika pia katika mirija ya mate, ikaweza kuleta uvimbe, maumivu wakati wa kula, na baadaye mirija kuwa myembamba. Mgonjwa aelezwe mapema, asije akadhani ni saratani nyingine.

Mionzi na tumaini

Turudi kwa mgonjwa wetu. Mionzi inayopigwa kichwani na shingoni hupita kwenye tezi za mate zilizo njiani. Jambo la kustaajabisha ni kwamba seli za vifuko, ingawa hazigawanyiki kwa kasi, huathirika upesi. Mate huanza kupungua ndani ya wiki ya kwanza ya tiba. Seli za mirija huonekana kustahimili zaidi mwanzoni. Lakini kama hakuna umajimaji unaoletwa na vifuko, karakana haina malighafi.

Je, vifuko vinaweza kuota upya? Hapa mirija inapata umuhimu mwingine. Utafiti umeonyesha kwamba baadhi ya seli zinazoweza kuijenga upya tezi hukaa katika mirija, hasa ile mikubwa. Mwaka 2015 watafiti wa Groningen, Uholanzi, walichapisha ushahidi kwamba dozi ya mionzi inayolifikia eneo la mirija mikubwa ya parotidi ndiyo inayobashiri vizuri kiasi cha mate mwaka mmoja baada ya tiba. Wakajaribu kupanga mionzi ili ilikwepe eneo hilo. Jaribio lao la kulinganisha makundi mawili, lililochapishwa mwaka 2022, halikuonyesha tofauti kubwa ya kiasi cha mate ya parotidi kati ya makundi hayo. Njia hiyo basi bado ni ya utafiti.

Lililothibitika ni kwamba kuikinga tezi yenyewe kunasaidia. Katika jaribio la Uingereza liitwalo PARSPORT, lililochapishwa mwaka 2011, wagonjwa waliopata mionzi ya kawaida walilinganishwa na waliopata mionzi inayorekebishwa nguvu na umbo lake ili kuikwepa parotidi. Baada ya miezi 12, ukavu wa kinywa wa kadiri au mkali uliwapata asilimia 74 ya kundi la kwanza na asilimia 38 ya kundi la pili. Tofauti hiyo ni watu wanaoweza kula na kuzungumza bila kushika chupa ya maji. Ndugu mgonjwa unayesubiri mionzi una haki ya kumwuliza daktari wako: "Je, tezi zangu za mate zinaweza kukingwa?" Jibu litategemea mahali saratani ilipo na mashine zilizopo, kwa kuwa kuiangamiza saratani ndilo jambo la kwanza.

Ya kufanya kliniki na nyumbani

Mhudumu hahitaji vifaa vya gharama ili kupima mate. Mgonjwa aketi kwa utulivu, asile, asinywe wala asivute sigara kwa saa moja kabla, kisha ateme mate yanayokusanyika kinywani katika kikombe chenye vipimo kwa dakika 10. Kikipatikana chini ya mililita 1, yaani chini ya mililita 0.1 kwa dakika, tezi zake zinatoa mate kidogo kupita kiasi. Akumbuke pia kuuliza juu ya dawa zote anazotumia mgonjwa, mirungi na tumbaku zikiwemo.

Kabla ya mionzi ya kichwa na shingo, meno yachunguzwe. Jino lisiloweza kuokolewa ling'olewe mapema ili kidonda kipone kabla ya tiba kuanza. Baada ya mionzi, mfupa wa taya hupona kwa shida. Mgonjwa asing'olewe jino popote pale bila kumwambia daktari wa meno kwamba aliwahi kupigwa mionzi, hata kama ni miaka mingi iliyopita.

Nyumbani, maji yanywewe funda ndogo ndogo mara kwa mara. Chakula kiwe na mchuzi. Uji, supu, ndizi za kupondwa na mtori hupita kwa urahisi. Ubani wa kutafuna usio na sukari huziamsha seli zilizobaki. Peremende na ubuyu uliotiwa sukari vinatamanisha kwa kuwa vinaleta mate, lakini kinywani pasipo na bikaboneti ya kutosha sukari hiyo ni hasara. Limau na ukwaju navyo vitumiwe kwa tahadhari, maana tindikali yake hulila jino lisilolindwa. Vinaweza pia kuchoma kinywa chenye vidonda. Dawa ya meno yenye floraidi itumiwe angalau mara mbili kwa siku, na ya usiku isiachwe. Utando mweupe unaofutika, au wekundu unaowaka, huweza kuwa fangasi, na fangasi hutibika.

Ipo pia dawa iitwayo pilokapini, inayoziita kazini seli za tezi zilizosalia. Hutolewa kwa agizo la daktari tu, kwani haiwafai baadhi ya watu, wakiwemo wenye pumu isiyodhibitiwa na wenye aina fulani ya presha ya macho. Nayo huhitaji kuwepo seli hai za kuitika. Penye tezi iliyokufa kabisa, haina wa kumwita.

Basi mgonjwa wetu ajibiwe nini? Aambiwe kwamba vifuko vinavyotoa maji ya mate vimeumizwa na mionzi, na kwamba mirija inayoyasafisha inakosa cha kusafisha. Aambiwe kwamba sehemu ya mate inaweza kurejea polepole katika mwaka wa kwanza na wa pili, kadiri ya dozi iliyozifikia tezi, na kwamba huenda yasirudi yote. Aelezwe pia kwamba meno yake sasa yanamtegemea yeye kwa kazi iliyokuwa ikifanywa na mirija yake bila yeye kujua. Apewe dawa ya meno yenye floraidi na tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu. Kisha, kabla hajainuka, apimwe mate yake na kiasi kiandikwe kwenye faili, ili atakaporudi pawepo na cha kulinganisha.